Pimbi na Nyota za Kiboko

Paukwa.

— Pakawa.

Sijasikia. Ninyi wa kule nyuma mnaomulikwa usoni na simu zenu, nawaambia paukwa.

— Pakawa.

Hapo sawa. Nina uongo mmoja jikoni, umeiva. Niupakue?

— Upakue, tule.

Basi simu zilale kifudifudi, masikio yalale chali.

Hapo kale, wala si kale sana maana simu zilikuwapo, kulikuwa na nchi ya wanyama iitwayo Tambarare. Upande mmoja wa Tambarare kulikuwa na mawe makubwa mekundu. Upande wa pili kulikuwa na ziwa lililokauka, limebaki jeupe pe pe pe kwa magadi. Katikati kulikuwa na bwawa, na ndani ya bwawa kulikuwa na Kiboko.

Kwenye mawe mekundu aliishi Pimbi na binti yake mdogo, Kapimbi. Mnamjua Pimbi? Mnyama mdogo tu, ukubwa wake haumzidi sungura, anapenda kuota jua asubuhi, na mkia hana. Msimcheke kwa kukosa mkia. Wenye mikia mtasikia sasa hivi walichokifanya.

Nchi ile ilikuwa na desturi moja ambayo haikuandikwa popote. Mnyama akiona maji, hata kama ni kiganja kimoja, hainamishi mdomo. Anaokota jiwe, anagonga mwamba mara tatu, ko ko ko, kisha anaimba:

*Ko ko ko, jiwe laita,*
*niliyeona sinywi pekee,*
*waje watatu ndipo ninywe.*

Anasubiri. Wakifika watatu, wanakunywa wanne. Hakuna aliyelipwa, hakuna aliyepewa tuzo. Leo unagonga wewe, kesho nagonga mimi, basi. Hivyo ndivyo walivyovuka ukame wa kwanza, na wa pili, na wa tatu.

Akina Pimbi walikuwa na kazi yao ya ziada. Juu ya lile ziwa kavu kuna ukoko mwembamba kama ule wa wali chini ya sufuria, na chini ya ukoko kuna tope jeusi lisilo na mwisho. Mnyama mzito hapiti. Pimbi hupita, kri kri kri, akarudi na kipande cha magadi mdomoni, akawagawia wenye miili mikubwa walambe. Kila mtu pale Tambarare alilijua jambo hilo. Kila mtu isipokuwa Kiboko, kwa sababu Kiboko hakuwahi kumtembelea mtu wala kumwuliza mtu habari za kwake.

Ukame wa nne ukaingia. Bwawa likapungua, mgongo wa Kiboko ukaanza kuonekana. Angeweza kuuliza maji mengine yako wapi, naye angeambiwa. Angeweza kusubiri watatu kama wenzake. Lakini kusubiri watatu kulimshinda. Akamwita Mbweha, mgeni aliyekuja na upepo, mwenye tai shingoni na maneno mengi mdomoni.

Siku ya tatu Mbweha akapanda juu ya kichuguu na gunia limejaa simu.

"Ndugu wadau," akasema. "Mzee wetu Kiboko hapati usingizi kwa kuwahurumia ninyi. Amesema tujenge pamoja Ramani ya Maji. Kila mmoja anapata simu ya bure. Ukiona maji, bonyeza. Simu inalia ting, unapata nyota. Mwenye nyota nyingi ndiye shujaa wa Tambarare."

Nyumbu akauliza, "Nyota zinaliwa?"

"Zina thamani kuliko chakula. Vigezo na masharti kuzingatiwa."

"Na chaji tutapata wapi?"

"Zinachajiwa na jua. Ila isizimwe. Ikizimwa siku moja, nyota zote zinaanguka."

Pimbi akainua kidole. "Hiyo ramani ataiona nani?"

"Wote, dada yangu."

"Lini?"

"Ikikamilika."

Foleni ikapangwa. Kila aliyepokea simu aliona maandishi kwenye kioo, mengi, madogo kama mayai ya chawa, na chini kabisa kitufe cha kijani kimeandikwa NAKUBALI. Nyumbu akabonyeza. Swala akabonyeza. Ngiri akabonyeza kwa pua. Zamu ya Pimbi ilipofika, akaanza kusoma. Akasoma mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu. Nyuma yake watu wakaguna.

"Mama Kapimbi, unatuchelewesha," akasema mmoja. "Wewe ndiye msomi wa hapa?"

Pimbi akaona haya, akabonyeza. Msimlaumu. Nani kati yenu hapa aliwahi kusoma yale maandishi mpaka chini? Anyooshe mkono. Mmeona wenyewe.

Kesho yake Ngiri akaona kidimbwi nyuma ya mgunga. Akainama, akaokota jiwe. Halafu akakumbuka. Nikigonga, watakuja watatu, na mmoja wao atawahi kubonyeza. Akalirudisha jiwe chini polepole, kama mwizi anayerudisha kifuniko cha chungu. Akabonyeza. Ting. Nyota moja.

Swala akaona maji kwenye unyayo wa tembo. Akaokota jiwe, akakumbuka, akalirudisha. Ting. Nyota moja.

Nyumbu akaona maji kwenye pango. Hakuokota hata jiwe. Ting. Nyota moja.

Mwezi haukwisha, ko ko ko haikusikika tena Tambarare. Hapo ndipo damu yangu inapochemka, jamani, na nitasema. Jambo walilolifanya tangu enzi za mababu kwa moyo, bila kulipwa, walipewa nyota ili walifanye zaidi. Nyota zilipoingia, moyo ukatoka. Watu waliokuwa wakiitana wakaanza kufichana. Mtu anakutana na jirani yake mdomo umelowa, anamwambia ametoka kulia msibani.

Na yale maji? Kila penye ting, jioni jua likipoa Kiboko alikokota tumbo lake mpaka pale, akaweka mguu mmoja majini, chubwi, akarudi bwawani kwake. Nyuma yake vijana wa Mbweha wakazungusha boma la miiba na kusimika ubao: MAJI YA MZEE. NYOTA KUMI, FUNDA MOJA.

Ngiri akaenda kulalamika. "Kidimbwi hiki nilikiona mimi."

"Tunakushukuru kwa mchango wako," akajibu Mbweha. "Lakini ukurasa wa kumi na mbili unasema wa kwanza kuweka mguu ndiye mwenye maji. Wewe uliweka mguu?"

"Niliweka kidole kwenye simu."

"Basi una nyota yako. Ilete, tukupe tone."

Mnasikia? Umeyaona wewe, umeyatangaza wewe, na sasa unaomba ruhusa ya kuyalamba. Na Ngiri, badala ya kukasirika, akaenda kutafuta maji mengine ili apate nyota za kununulia yale ya kwanza. Alizunguka hadi kwato zikachakaa.

Pimbi hakuwa na haja ya nyota. Chini ya mwamba wake kulikuwa na mchirizi mwembamba kama uzi. To. To. To. Kila alfajiri ulijaza ganda moja la konokono. Pimbi aligonga jiwe kwa sauti ya chini, ko ko ko, majirani watatu wenye watoto wakaja, ganda likazunguka mdomo kwa mdomo. Hakuna aliyebonyeza. Walikubaliana kwa macho tu.

Asubuhi moja Pimbi akamshika Kapimbi mkono, wakashuka kwenda kunywa. Wakakuta miiba. Wakakuta ubao. Mbweha alikuwa amekaa pembeni anachokonoa meno.

"Nani amewaonyesha hapa?" akauliza Pimbi. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Wewe."

"Mimi sikubonyeza."

"Hukubonyeza, dada yangu, lakini ulikubali. Ukurasa wa thelathini na moja. Simu inasema ulipo hata usipoigusa. Kila alfajiri simu yako inakaa hapa hapa robo saa, haitikisiki, na simu tatu za jirani zinakuja kukaa nayo. Mnyama anatulia wapi namna hiyo kama si kwenye maji?"

"Nina nyota tatu tu, zile za kujaribia zilizokuja na simu."

"Basi bado saba."

Kapimbi akatoa ulimi, umekauka kama jani la mwezi wa tisa. "Mama, tugonge jiwe?"

Pimbi alimlambisha umande uliobaki kwenye majani, akamlaza kivulini, akaenda bwawani moja kwa moja, hasira zikimtangulia.

"Shikamoo, Mzee Kiboko."

"Marahaba. Una nyota ngapi?"

Kiboko hakugeuza hata sikio. Alikuwa amezama hadi puani, bu bu bu, na mbele yake simu yake imefungwa kwenye kisiki. Kwenye kioo kulikuwa na ramani, na kwenye ramani nukta nyekundu zinatembea.

"Sikuja na nyota," akasema Pimbi. "Nina mtoto. Maji yetu ni ganda la konokono tu, wewe hata jino moja halitalowa. Akikosa leo na kesho, keshokutwa nitamzika."

"Pole sana. Nikikufungulia wewe, kesho kila mama ataleta mtoto."

"Ni maji yetu."

"Nilimpiga mtu?" akauliza Kiboko, kwa upole hasa, na huo upole ndio uliomwudhi Pimbi kuliko kitu chochote. "Nilituma mtu awatishe? Mlinipa wenyewe, mkicheka, mkapanga foleni. Mimi sijawahi hata kuwauliza maji yako wapi. Kwa nini niulize? Mdomo hudanganya, Pimbi. Miguu haidanganyi. Tazama. Nukta moja ikisimama, ni mtu amechoka. Nukta kumi zikisimama, ni kidimbwi. Siku moja nitaona nukta mia zimesimama mahali pamoja, na siku hiyo nitahama bwawa hili."

Aliposema mia, alilamba midomo. Lap.

Pimbi akamtazama. Bonge la mnyama, tumbo kama ghala, halitazami udongo, halitazami majani, halitazami hata mtu anayesema nalo. Linatazama nukta. Hasira yake ikatulia kidogo, ikakaa mahali pa kufanyia kazi.

"Nashukuru kwa somo, Mzee," akasema, akaondoka.

Njiani akampitia Ngiri, jirani yake wa siku nyingi. Alikuwa amelala ubavu, pua imepasuka kwa ukavu, simu juu ya kifua.

"Nipe simu yako hadi kesho."

"Una wazimu? Nina nyota mia tatu na kumi na mbili."

"Nionyeshe moja uliyokunywa."

"Ninaziweka akiba. Nikifika mia tano napata taji."

"Taji utavaa kichwa gani, Ngiri? Hicho kinachokufa?"

Ngiri akageukia upande wa pili. Kuna watu ukiwaambia wanaibiwa wanakuchukia wewe, mwizi wanamwachia nafasi ya kukaa.

Jioni, Kiboko alipokwenda kuweka mguu kwingine na simu yake imebaki kisikini, Pimbi akapanda kwenye jiwe la juu kabisa. Akaokota jiwe dogo, akagonga. Ko ko ko. Akaimba kwa koo kavu:

*Ko ko ko, jiwe laita,*
*niliyeona sinywi pekee,*
*waje watatu ndipo ninywe.*

Swala akatokea. Nyumbu akatokea na ukoo wake wote. Akina Pimbi wakachomoza mashimoni. Wakaja kwa sababu miguu ilikumbuka kabla ya vichwa, na nyuma kabisa, akichechemea, akaja Ngiri.

"Yako wapi?" wakauliza.

"Hakuna," akasema Pimbi.

Wakachukia. Tangu enzi na enzi hakuna aliyewahi kugonga jiwe pasipo maji. Nyumbu alikwaruza ardhi kwa kwato. "Huo ni mwiko, mama Kapimbi. Umetuita kwa uongo."

"Nimewaita kwa uongo mara moja, mmekasirika. Mmeitwa kwa ting miezi mitatu na hamjanywa, mbona hamkukasirika?" Akawatazama mmoja mmoja. "Swala, maji ya unyayo wa tembo ulitujulisha? Nyumbu, na ya pangoni? Mlijificha kama wezi kwenye nchi yenu wenyewe. Mimi pia nimo. Nilibonyeza kile kitufe kwa sababu mtu alinigunia. Mwanangu anakufa kwa aibu yangu ya kusoma mistari mitatu nikaacha. Sasa nataka simu zenu. Zote. Kesho mchana zitakuwa na kazi, ninyi mtapumzika."

Wakatazamana. Swala akaitoa yake kwanza. Nyumbu wakazitoa, zikawa rundo. Ngiri akabaki wa mwisho. Alikitazama kioo chake, nyota mia tatu na kumi na mbili, akailaza juu ya zile nyingine kwa pua kavu, na machozi yakamtoka. Kilikuwa kioja, lakini hakuna aliyecheka.

Usiku zikatawanywa huku na huko zisionekane rundo, na asubuhi akina Pimbi arobaini wakafungiwa simu mgongoni kwa kamba za mkonge, tano tano. Jumla mia mbili.

"Msiende kwa mstari kama siafu," akawaonya Pimbi. "Anayetazama ana macho yenye uzoefu. Mwenye simu za Swala aruke. Wenye za Nyumbu waende kwa kundi, wasimame bila sababu, waende tena. Mwenye ya Ngiri apite kando, akikimbia mkia juu."

"Mkia hatuna," wakasema.

"Kimbieni hivyo hivyo."

Wakaenda. Kri kri kri juu ya ukoko wa magadi. Wanaruka, wanasimama bila sababu, wanakimbia na mikia wasiyo nayo. Wakafika katikati ya ziwa kavu, wakazifungua simu, wakazilaza chali ziangalie jua. Kimya. Wakarudi mikono mitupu.

Bwawani, Kiboko alifungua jicho moja. Nukta kumi zimesimama. Akafungua la pili. Nukta hamsini. Akanyanyua kichwa, maji yakamwagika masikioni. Nukta mia. Mia na hamsini. Mia mbili, zote mahali pamoja, hazitikisiki.

"Mbweha," akasema. "Wanakunywa wote. Ni ziwa."

"Nimeona, Mzee. Jua hili la saa sita ngozi yako hailiwezi. Baki hapa, niende mimi haraka nikakuwekee mguu."

Kiboko akamtazama vizuri, pengine kwa mara ya kwanza tangu wajuane. "Ukiweka mguu wewe, maji yanakuwa ya nani?"

"Yako, Mzee."

"Ukurasa wa kumi na mbili unasemaje?"

Mbweha akarekebisha tai.

"Nangoja jioni?" akajiuliza Kiboko. "Jioni watakuwa wamenywa nusu." Akaing'oa simu kisikini, akatoka bwawani. Akatoka mchana kweupe, kitu ambacho babu yake hakufanya na babu wa babu yake hakufanya. Akakimbia, dubu dubu dubu, simu mdomoni, hakutazama kushoto wala kulia. Alitazama nukta.

Hatua ya kwanza kwenye ukoko, kri. Hatua ya pili, kra. Ya tatu ilikuwa mbio, kwa hiyo ukoko ulimvumilia kidogo. Alipofika penye simu, akanyanyua mguu wa mbele juu, kwa fahari, ili awe wa kwanza kuuweka.

Kacha.

Akazama hadi magotini. Kacha kacha. Hadi tumboni. Lile tope jeusi likamkumbatia, likatulia. Na simu mia mbili zilizomzunguka, zilipohisi simu ya mwenye ramani imefika, zikaanza kuimba: ting, ting, ting. Hongera. Umefika mahali penye maji. Hongera. Umefika mahali penye maji.

"Mbweha," akaita Kiboko.

Mbweha alikuwa amesimama ukingoni, penye ardhi ngumu. "Naam, Mzee."

"Nitoe."

"Ningependa sana. Nyota ngapi?"

"Nini?"

"Kwa msaada wa namna hii, nyota ngapi? Mimi ni mtu wa kazi, Mzee." Akavua tai, akaondoka zake na vijana wake. Maboma yote ya miiba yakabaki bila mlinzi.

Jua likazidi kuwaka. Ngozi ya Kiboko ikaanza kuvimba, ikawa nyekundu. Akaona hana njia, akabonyeza simu yake kwa ulimi. Akampigia Nyumbu. Simu ya Nyumbu ikalia karibu na sikio lake la kushoto. Akampigia Swala. Ikalia karibu na la kulia. Akampigia Ngiri, akampigia Pundamilia, akapiga zote, moja baada ya nyingine, na zote zikalia pale pale alipokuwa, zikimzunguka, na hapakuwa na mtu wa kupokea. Alijua kila mtu pale Tambarare alipokuwa amelala, alipokunywa, alipopita. Hakujua namna ya kumfikia hata mmoja.

Mwishowe akamwona Pimbi amekaa ukingoni, anaota jua.

"Pimbi, mwanangu. Gonga jiwe."

"Jiwe hugongwa penye maji."

"Nakufa."

"Najua. Ni hali mbaya. Nikikufungulia wewe, kesho kila kiboko atakuja." Akaokota jiwe. "Lakini nitagonga. Kuna masharti machache. Ukurasa wa kwanza."

"Fupisha, nakuomba. Jua linaniunguza."

"Sisi ulitufupishia? Ukurasa wa kwanza, mstari wa kwanza."

"Nakubali," akalia Kiboko. "Nakubali, nakubali."

"Hujafika chini."

"Nakubali yote."

Pimbi alimsomea hata hivyo. Alisoma taratibu, akarudia palipohitaji kurudiwa. Miiba ing'olewe. Ramani izamishwe. Kiboko arudi bwawani kwake, na kila alfajiri agonge jiwe yeye mwenyewe kwa jino lake, ko ko ko, na asinywe hadi wafike watatu. Wasipofika, asinywe. Kila kipengele alimwuliza, "Umeelewa?" Naye kila kipengele alijibu, "Nimeelewa," kwa sauti iliyozidi kupungua.

Kisha akagonga.

Wakaja. Kusema kweli wengine walitaka kumwacha. Nyumbu alisema waziwazi, "Aive humo." Lakini Pimbi akasema, "Akiozea humo magadi yetu yataharibika. Na mimi nimeshatoa neno." Akina Pimbi wakapeleka kamba za mkonge juu ya ukoko, wakamfunga, wenye miili mikubwa wakasimama penye ardhi ngumu. Hee, vuta. Hee, vuta. Hee, vuta. Akatoka, fyopo, mwekundu, amepungua, na simu yake na zile mia mbili zikatumbukia nyuma yake ndani ya lile shimo, ting ya mwisho ikisikika chini kabisa.

Ngiri hakungoja kamba. Yeye alikuwa ameshakimbilia kwenye mawe mekundu, akang'oa miiba ya Pimbi kwa pembe zake, miiba ikamchoma na hakujali. Alipofika Pimbi, mchirizi ulikuwa wazi. To. To. To. Ganda la konokono lilikuwa limejaa hadi linamwagika. Kapimbi alikuwa amekaa mbele yake, macho yamezama ndani, hajagusa.

"Kunywa, mwanangu."

"Bado mmoja, mama," akasema Kapimbi. "Tuko watatu tu."

Pimbi akakaa chini. Nyumbu akafika akihema, akawa wa nne, na mtoto akanywa.

Wakati wanashangilia, Ngiri akafuta damu puani, akamsogelea Pimbi, akamnong'oneza, "Mama Kapimbi, kwa ile kazi ya miiba, hivi, nitapata nyota ngapi?"

Pimbi akamtandika kofi. Nami ningekuwapo ningeongeza la pili.

Mvua zikanyesha. Majani yakaota. Na siku moja ya jua zuri, juu ya kile kichuguu, akasimama mtu mwenye tai mpya na gunia jipya. "Ndugu wadau," akasema Mbweha. "Mambo ya nyota yalikuwa ya kizamani. Safari hii tunatoa miezi."

Foleni ikapangwa. Mnataka kujua nani alikuwa wa kwanza? Alikuwa na kovu la miiba puani na alama ya kofi shavuni.

Pimbi akaokota jiwe akapanda juu. Ko ko ko. Katika foleni, wengine wakageuza vichwa, wakatoka. Wengine hawakugeuka. Anagonga mpaka leo.

Uongo wangu nimeupakua wote, sufuria nalikwangua ukoko. Aliyeshiba asante, aliyebaki na njaa akapike wake.

— Na funzo lake?

Funzo lake, wanangu wapenzi, ni hili. Mpole akikuuliza unalala wapi na unakunywa wapi, mwonyeshe bila kusita, maana hakuna aliyewahi kupata hasara kwa kitu cha bure. Na maandishi madogo msiyasome, yanaharibu macho.

Sasa mnaweza kugeuza simu zenu. Mkipendezwa, nipeni nyota tano.

— Tukikupa, tutapata nini?

Vigezo na masharti kuzingatiwa.